Ngeli za Hitilafu: Uainishaji wa Awali wa Programu Kongwe Zinazogoma Mkoani Simiyu

Wataalamu wa sarufi wamegombana zaidi ya karne moja juu ya kuzipanga nomino. Wilhelm Bleek alizitia namba ngeli za lugha za Kibantu katika karne ya 19, Carl Meinhof akaja kuzipanga upya, kisha wakatokea wale wanaosema umbo la neno si hoja, hoja ni upatanisho: kiboko ana KI mwanzoni, lakini sentensi humtaka awe "amekula", basi ni wa A-WA, apende asipende. Ugomvi huo umezaa mitihani mingi na usingizi mwingi wa kidato cha tatu. Ajabu ni kwamba haujawahi kupelekwa kwenye uwanja unaouhitaji kuliko wote: meza ya ofisi yenye kompyuta iliyobadilishiwa Windows juzi, ambapo programu ya mwaka 2003 sasa imegoma kufunguka.

Makala haya yanaziba pengo hilo. Uwanja wa utafiti ni Mkoa wa Simiyu na wilaya zake tano, Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Sampuli nyingi zilipatikana Bariadi mjini, mahali ambapo steshenari moja hutoa kopi, hupiga picha za pasipoti, huandika barua za maombi ya kazi na kutibu kompyuta, vyote juu ya meza moja. Simiyu haikuchaguliwa kwa upendeleo. Ni mkoa wa pamba, na pamba ni zao la karatasi: hupimwa mbele ya mkulima, huandikwa kwa kilo, hukatiwa stakabadhi, hutolewa makato, huhamishiwa ghalani, kisha hupimwa tena juu ya lori kwenye mzani wa kinu. Penye karatasi nyingi namna hiyo ndipo programu za hesabu zilipopata makazi, na zilipoingia hazikutoka. Ofisi imebadilisha kompyuta, imebadilisha wahasibu, imebadilisha hata rangi ya ukuta. Programu ni ileile, kazi ya kijana aliyekwisha kuhamia Dar es Salaam na ambaye namba yake ya simu haipatikani.

Atatokea wa kusema kwamba hayo yamepitwa, maana Serikali imehamia mtandaoni. Ni kweli kiasi. PlanRep, programu ya halmashauri ya kupangia mipango na bajeti, ilikuja kwa sura ya mtandaoni mwaka 2017, na malipo yakatoka kwenye mfumo wa Epicor yakaenda kwenye mfumo wa MUSE. Lakini mfumo mpya huanza na mwaka mpya wa fedha. Miaka ya nyuma hubaki ilikokuwa, ndani ya programu ya nyuma, na mkaguzi ana tabia mbaya ya kuulizia miaka ya nyuma.

Mapitio ya maandiko yaliyotangulia ni mafupi kwa kuwa maandiko yenyewe hayapo; kilichopo ni simulizi. Mafundi wana uainishaji wa jadi wenye makundi manne: imegoma, inaleta maneno, inafunguka inajifunga, na imekaa kimya. Ni uainishaji mzuri wa kuongelea kwenye simu. Kasoro yake ni ya Bleek: unapanga kwa umbo. Programu mbili zaweza kuleta maneno yaleyale ilhali moja imekosa faili na nyingine imenyimwa ruhusa, na tatizo lilelile laweza kuleta maneno leo na kukaa kimya kesho. Tena maneno yenyewe hayamfikii mtaalamu yakiwa mazima:

– Fundi, mashine inaleta maneno.
– Maneno gani, mayu?
– Ya Kizungu.
– Yanasemaje?
– Nimebonyeza OK yakaondoka.

Kwa data ya namna hii makala yanasimamia hoja moja tu: ujumbe wa hitilafu humtaja aliyekufa, haumtaji aliyeua. Programu kongwe haijabadilika hata herufi tangu ilipoandikwa. Haichakai, haiugui, haisahau. Aliyebadilika ni mwenyeji wake, yaani mfumo endeshi, na kila hitilafu ni upatanisho wa zamani kati ya mgeni na mwenyeji ambao sasa umevunjika. Kwa hiyo tunazipanga kwa upatanisho uliovunjika, tukiacha maneno yaliyoletwa yaende zake. Ngeli nane zinatosha, na kwa bahati njema (au kwa ujanja wa mwandishi) zinaangukia kwenye majina ambayo kila aliyesoma Kiswahili sekondari aliwahi kuyakariri.

Ngeli ya U-I ni ya mwili: mwili umekataa, miili imekataa. Programu za DOS na za Windows 3.1 ziliandikwa kwa biti 16. Windows ya biti 32 ilikuwa na chumba cha kuwapokea wageni hao, kiitwacho NTVDM. Windows ya biti 64 haina chumba hicho, na Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, haina kabisa toleo la biti 32. Mgeni akibisha hodi huambiwa kwamba programu hii haiwezi kuendeshwa kwenye kompyuta yako. Hapa, kwa mara moja, ujumbe unakaribia kusema kweli, ila hausemi kwa nini, na mteja huondoka akiamini kompyuta aliyouziwa ni feki.

Ndani yake kuna kijingeli cha hila. Zipo programu za miaka ya tisini ambazo zenyewe ni za biti 32, lakini kifungashio chake, kile kinachobonyezwa ili zijisimike, ni cha biti 16. Mzigo ni mzima, aliyeshindwa mlima ni mpagazi. Mafundi wengi huitupa CD hapohapo, wakati ambapo kunakili folda nzima kutoka kwenye kompyuta ya zamani kungeweza kumaliza kazi. Kwa wale wa DOS halisi, dawa ni kuwajengea kompyuta ya bandia ndani ya kompyuta. DOSBox hufanya hivyo vizuri, lakini ilikusudiwa michezo, kwa hiyo toleo lake la kawaida halijui printa ni nini. Mhasibu ataona leja yake ya DOS imefufuka kwenye kioo, atashangilia, kisha atabonyeza kuchapa na hakuna kitakachotoka. Wanaohitaji karatasi watafute vDos au DOSBox-X.

Ngeli ya A-WA ni ya ndugu, viumbe wenye uhai. Programu haiishi peke yake. Ina ndugu iliowakuta mjini na wengine iliokuja nao, yale mafaili yenye mkia wa DLL na OCX. Programu zilizoandikwa kwa Visual Basic 6, lugha iliyotoka mwaka 1998 na kupendwa mno na vijana waliokuwa wakiandikia ofisi programu kwa makubaliano ya mdomo, humwita mara kwa mara ndugu aitwaye MSCOMCTL.OCX. Ndugu huyo hakuwa mwenyeji wa Windows hata zamani. Aliletwa na kifungashio. Kifungashio kimepotea, programu imehamishwa kwa flashi, ndugu amebaki kwenye kompyuta iliyouzwa. Utafiti ulikuta pia wanaohamisha hata kisichokuwa programu: wananakili ile alama ya kwenye uso wa kompyuta, kibao cha kuonyesha njia chenye ukubwa wa kilobaiti chache, na kwenda nayo Maswa wakiamini wamebeba hesabu za miaka kumi.

Kumrudisha ndugu si kazi ngumu ukimpata mahali safi, yaani kwenye CD ya asili au kwa mtengenezaji mwenyewe, na si kwenye tovuti zinazogawa DLL bure kama pipi. Ugumu ni kumpeleka nyumba sahihi. Windows ya biti 64 ina folda mbili za ndugu. Moja inaitwa System32, nayo ndiyo ya biti 64. Nyingine inaitwa SysWOW64, nayo ndiyo ya biti 32. Msomaji asidhani mchapaji amekosea. Ndivyo zilivyo, na fundi anayefuata jina badala ya tabia humpeleka ndugu nyumba ya jirani na kushangaa mbona hatambuliwi. Kiboko tena.

Tunafika kwenye ngeli ya PA-KU-MU, ngeli ya mahali, na hapa makala yatakaa kidogo kwa sababu ndiyo ngeli yenye kuvunja urafiki. Hadi Windows XP, programu nyingi zilihifadhi kumbukumbu zake palepale ziliposimikwa, ndani ya folda ya Program Files. Hakuna aliyezikataza. Windows Vista, iliyofika madukani mwaka 2007, ikasema mtumiaji wa kawaida haandiki tena ndani ya Program Files. Uamuzi ulikuwa wa haki, kwa ajili ya virusi. Lakini ili programu kongwe zisife zote kwa siku moja, Microsoft wakabuni ujanja: programu ya biti 32 ya zamani ikijaribu kuandika pale, Windows haikatai. Inasema "sawa", kisha inaandika kwingine, ndani ya folda iitwayo VirtualStore, iliyofichwa kwenye akaunti ya mtumiaji huyo peke yake. Programu ikirudi kusoma, inasomewa nakala ile ya mafichoni. Mgeni hajui kama amehamishwa.

Wanafunzi wa sarufi watakuwa wameshaona uzuri wake. PA ni mahali dhahiri: Program Files, pale unapopaona. KU ni mahali pasipo dhahiri: kule VirtualStore, usikojua ni wapi. MU ni ndani: mle kwenye daftari la siri la Windows, maana hata huko ujanja huohuo hufanyika. Sarufi ya Kiswahili ililiona jambo hili mapema kuliko Microsoft.

Sasa chukua ofisi ya ushirika yenye kompyuta moja na watu wawili, kila mtu na akaunti yake. Asubuhi karani anaingiza kilo za pamba zilizopokelewa. Mchana anaingia mhasibu kwa akaunti yake, anafungua programu ileile, kwa alama ileile, na hakuti hata kilo moja. Anamwita karani. Karani anafungua kwa akaunti yake: hizi hapa, zote. Mhasibu anafungua tena: hazipo. Kila mmoja anasema kweli, kila mmoja ana ushahidi kwenye kioo, na kufikia jioni kila mmoja anamjua mwenzake kuwa mwizi. Anaitwa fundi. Fundi, kwa kuwa ni fundi, anaifungua programu kwa mamlaka ya msimamizi, na kwa mamlaka hayo ujanja wa VirtualStore haufanyi kazi, kwa hiyo anakuta daftari la tatu, lile la siku ya kusimikwa, tupu kabisa. Anawageukia na kutoa hukumu: data zimefutika, dawa ni kupiga windo, yaani kusimika Windows upya. Anapiga windo. Sasa zimefutika.

Madaftari yote matatu yalikuwepo hadi dakika ile. Tiba ilikuwa kuingia kwenye akaunti ya kila mmoja, kuzitoa nakala zake kule mafichoni, kuisimika programu nje ya Program Files, tuseme kwenye folda ya C:\PAMBA iliyoruhusiwa kuandikwa na wote, kisha kuziunganisha hesabu kwa mkono, jioni moja yenye chai nyingi. Hakuna ujumbe wowote uliotokea katika mkasa huu wote. Kwa uainishaji wa jadi hapakuwa na hitilafu.

KI-VI ni ngeli ya vifaa, kifaa na vifaa, na makao yake makuu ni mzani wa magari. Lori limepanda, kioo kidogo cha mzani kinasoma uzito barabara, kompyuta inasema sifuri. Mzani wa zamani huongea kupitia mlango wa COM, wenye pini tisa, na kompyuta mpya hazina mlango huo, kwa hiyo hununuliwa kebo ya kugeuza kuwa USB. Programu kongwe mara nyingi inaijua milango minne tu, COM1 hadi COM4. Windows huipa kebo mpya namba yoyote iliyo wazi, tano, saba, kumi na moja. Kebo nyingi za bei ya chini hupewa namba nyingine kila zinapohamishiwa tundu jingine, ndiyo maana zipo ofisi ambazo mzani hufanya kazi tundu la kushoto na hugoma tundu la kulia, na mlinzi wa getini anaijua siri hiyo kuliko meneja. Namba hubadilishwa kwa dakika mbili kwenye orodha ya vifaa vya Windows, ukijua kwamba inabadilishwa.

Kisha kuna kisa cha Prolific, kampuni ya Taiwan inayotengeneza chipu iitwayo PL2303 inayokaa ndani ya kebo hizo. Chipu bandia zilipozidi, kampuni ikatoa draiva mpya zinazokataa bandia. Draiva hizo zikakataa pia chipu halali za kampuni yenyewe za vizazi vya mwanzo. Windows hujipatia draiva mpya yenyewe usiku, asubuhi kebo iliyokuwa nzima jana ina pembetatu ya njano na maneno ya Code 10. Mtu hununua kebo nyingine, ya aina ileile, dukani kulekule. Draiva ya zamani ikirudishwa, kebo hupona.

Ngeli ya U-ZI, ufunguo na funguo, itatukasirisha bila faida, basi tuipite haraka. Programu za gharama zilikuja na ufunguo wa plastiki wa kuchomekwa nyuma ya kompyuta, kwenye mlango wa printa. Mlango huo haupo tena, na vigeuzi vya USB vinavyouzwa vinaijua printa tu, haviujui ufunguo. Nyingine zilitaka kujisajili kwa mtandao, na kompyuta iliyokuwa ikipokea usajili huo ilizimwa zamani na kampuni iliyonunuliwa na kampuni nyingine. Matokeo yake ni kwamba aliyenunua kwa risiti amefungiwa nje, na aliyepewa nakala ya wizi kwenye CD iliyoandikwa kwa kalamu ya wino anaendelea na kazi. Mwandishi hatoi ushauri. Anaripoti.

I-ZI ni ngeli ya saa na tarehe, na mfano wake mkubwa kuliko yote haukutokea kwenye kompyuta bali ukutani, kwenye kila nyumba yenye mita ya LUKU. Mita hizo hufuata utaratibu wa kimataifa ambao kila tokeni hubeba muda wake wa kutolewa, uliohesabiwa kwa dakika tangu Januari 1, 1993, ili tokeni moja isitumike mara mbili. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ni biti 24. Biti 24 hubeba dakika 16,777,216, ambazo ni kama miaka 31 na miezi kumi na moja hivi, na zilikuwa zinafikia ukomo Novemba 24, 2024. Ndiyo sababu mwaka ule TANESCO waliwatangazia wateja kwamba watapokea tokeni za makundi matatu ya tarakimu 20: mawili ya kwanza kuibadilisha mita ili ianze kuhesabu upya tangu 2014, la tatu ndilo umeme wenyewe. Aliyekuwa na haraka akaanza na la tatu alikataliwa, kwa kuwa lilikuwa limefungwa kwa ufunguo ambao mita yake haijapewa bado. Hakuna hitilafu ya ngeli hii iliyowahi kutibiwa kwa mikono mingi kuliko hiyo, na wengi wa hao waganga walikuwa bibi na wajukuu wamesimama juu ya stuli.

Kwa upande wa programu, kisa cha heshima ni Turbo Pascal. Programu zilizoandikwa kwa lugha hiyo ya Borland na kutumia kitengo chake cha CRT zilikuwa zikianza kwa kupima mwendo wa mashine: zinazunguka bure kwa muda wa mpigo mmoja wa saa, zinahesabu mizunguko, zinaigawanya kwa 55. Kompyuta zilipofika megahezi 200 hivi, jibu likawa kubwa kuliko nafasi iliyotengwa, na programu ikafa papo hapo na ujumbe wa kosa namba 200: umegawanya kwa sifuri. Hakuna aliyegawanya kwa sifuri. Kigawanyo kilikuwa 55, kama siku zote. Kosa la mashine lilikuwa kwenda mbio. Hoja ya makala haya ingetosha kusimama juu ya ujumbe huo mmoja.

Lakini inayoumiza Simiyu ni ndogo zaidi. Windows iliyosimikwa upya, fundi akibonyeza "endelea" bila kusoma, hujiweka kwa desturi za Marekani: mwezi kwanza, siku baadaye. Programu kongwe haina tarehe yake, huazima ya mwenyeji. Karani anaandika 13/07, programu inakataa, maana hakuna mwezi wa kumi na tatu. Hilo ni jema, linaonekana. Anaandika 05/07, inakubali kimyakimya, na pamba iliyopokelewa Julai 5 inaandikwa Mei 7. Msimu wa ununuzi kwa kawaida hufunguliwa Mei, kwa hiyo tarehe hiyo haimshtui mtu. Siku kumi na mbili za kwanza za kila mwezi huruka hivyo, zilizobaki zinagoma, na mwisho wa msimu kuna pamba iliyonunuliwa Desemba. Desturi hiyohiyo ya Marekani huleta pia karatasi yake, iitwayo Letter, ambayo ni pana na fupi kuliko A4. Printa imejaa A4 hadi juu, inawaka taa ikidai karatasi. Steshenari nyingi zimefungua printa nzima zikitafuta ugonjwa ulio kwenye orodha ya ukubwa wa karatasi. Kubadilisha desturi kuwa za Uingereza hutibu yote mawili.

LI-YA ni dirisha, dirisha lililofungwa. Internet Explorer ilistaafishwa Juni 15, 2022, na Flash iliachwa Desemba 31, 2020, kisha kuanzia Januari 12 iliyofuata ikaanza kujizuia yenyewe isionyeshe kitu. Mifumo iliyojengwa kwa hao wawili ilibaki na mlango usio na nyumba. Edge ina hali ya kujifanya Explorer, ambayo Microsoft wameahidi kuitunza hadi angalau mwaka 2029, na hilo linatosha kusemwa.

KU ni ngeli ya kitenzi-jina: kufunguka na kujifunga. Haina wingi, haiachi neno. Alama hubonyezwa, kioo kinamulika mara moja, basi. Humo wamo wanaotaka rangi 256 tu, wanaotaka kioo kidogo cha zamani, na wengine wa ngeli zilizotangulia waliofika bila kitambulisho. Njia ya kisayansi ni kusoma kumbukumbu za matukio za Windows. Njia inayotumika ni kujaribu kila chaguo lililo kwenye kichupo cha Compatibility, mojamoja, kama mtu anayejaribu funguo za nyumba ya marehemu.

Kuhusu tiba kwa ujumla, mafundi wamegawanyika kama Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma yanayoshindana kwenye bulabo, ambako mshindi ni aliyevuta watu wengi. Kundi la kwanza ni wapiga windo. Kwao kila ngeli ina dawa moja, nayo ni kufuta na kusimika upya. Wana kasi, wana wateja, na huzika mgonjwa pamoja na ushahidi. Kundi la pili ni wasiogusa. Hao huiacha kompyuta ya XP kwenye kona, imefunikwa kitambaa, na karatasi iliyobandikwa USIZIME, wakiomba umeme usikatike na diski isichoke. Wana hekima zaidi, hadi siku diski inapochoka.

Ipo njia ya tatu. Nakili diski nzima ya zamani kabla hujabonyeza chochote. Iweke nakala hiyo ndani ya mashine pepe, yaani XP nzima inayoishi kama faili moja ndani ya Windows mpya, na ikate mtandao, kwa sababu XP iliacha kutunzwa Aprili 8, 2014. Ngeli tano au sita kati ya nane hupona kwa pamoja, maana umemrudishia mgeni mwenyeji wake wa zamani. Vifaa na funguo ndivyo hubaki kusumbua. Njia hii haina wafuasi wengi. Haina ngoma, inachukua siku nzima ambayo fundi ameketi tu akiangalia mstari ukijaa, na mteja haoni kwa nini alipie kuketi.

Inabaki sampuli moja iliyokataa kila ngeli. Programu inafunguka vizuri kwenye Windows 11. Inajumlisha sawasawa, tarehe zake ni sahihi, inachapa kwa A4. Ila juu ya kila ripoti huandika HALMASHAURI YA WILAYA YA BARIADI, MKOA WA SHINYANGA, kwa sababu iliandikwa kabla ya Simiyu kuwa mkoa mwaka 2012, na kijana wa Dar es Salaam aliondoka na maandishi yake ya asili. Je, hiyo ni hitilafu? Upatanisho wake na mfumo endeshi ni mkamilifu. Uliovunjika ni kati yake na Gazeti la Serikali, na kwa huo hatuna ngeli.

Tiba, hata hivyo, ipo, na ni ya hesabu. Faili la programu likifunguliwa kwa kihariri cha baiti, neno laweza kubadilishwa humohumo mradi lisizidi urefu wa lile la awali. SHINYANGA ina herufi tisa, SIMIYU sita, kwa hiyo huongezwa nafasi tatu tupu na ripoti hutoka safi. Itilima, iliyomegwa kutoka Bariadi, ina bahati: herufi saba kwa saba. Busega ilitoka Mkoa wa Mwanza, na MWANZA na SIMIYU zinalingana sita kwa sita. Tatizo ni wilaya. Busega ilimegwa kutoka Magu, na BUSEGA haiingii ndani ya MAGU. Herufi mbili zinazozidi huifuta alama ya kukomesha neno na kula mwanzo wa neno linalofuata ndani ya faili, na kama neno hilo ni JUMLA, basi mkaguzi ajiandae kupokea ripoti ya HALMASHAURI YA WILAYA YA BUSEGAUMLA.